Ndege-Chambo wa Mti katika Pwani ya Mashariki ya Marekani

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, na miaka ishirini hivi ya kwanza ya karne ya ishirini, wakazi wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, tangu Massachusetts upande wa kaskazini mpaka Virginia upande wa kusini, walikuwa na desturi ya kuchonga ndege wa mti, kuwapaka rangi, kuwatia kijiti tumboni na kuwasimamisha katika matope wakati wa maji kupwa. Ndege walio hai wakipita angani waliwaona, wakawadhani kuwa ni wenzao, wakashuka. Na mwindaji aliyejificha karibu akawapiga bunduki. Kazi hiyo imekwisha zamani kwa kuwa sheria iliikataza, lakini ndege wenyewe wa mti wamebaki. Wale waliokuwa wakirundikwa kwa magunia katika mabanda ya mashua sasa huwekwa nyuma ya vioo katika majumba ya makumbusho, na wengine huuzwa mnadani kwa bei ya nyumba. Chini ya kila mmoja huwekwa kibandiko chenye jina la ndege, jina la mahali, na jina la mchongaji. Majina hayo, hasa lile la tatu, yanastahili kuchunguzwa, maana kwa sehemu kubwa hayakuandikwa na wachongaji wenyewe.

Ndege wanaohusika ni wale watafutao chakula kwa miguu pembeni mwa maji, yaani jamii za sululu na kitwitwi. Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki si mgeni kwao. Yule mdogo mweupe akimbiaye mbele ya wimbi na kulifuata tena likirudi. Yule apinduaye vijiwe na mwani kwa mdomo wake. Na yule mkubwa wa kijivu ambaye akiruka huonekana kwapa jeusi: hawa watatu ni wa aina zile zile zilizochongwa Marekani. Wale wafikao Kenya na Tanzania tangu Agosti na Septemba, wakakaa mpaka karibu na Aprili, huzaliwa kaskazini ya mbali ya Asia; wale wa Marekani huzaliwa ncha ya kaskazini ya Kanada na Alaska. Tofauti kubwa machoni ni vazi. Afrika ya Mashariki huwaona zaidi katika vazi lao la kijivu, lililofifia. Wamarekani waliwaona pia katika vazi la kuzalia, lenye wekundu na weusi mwingi, nao waliwachonga na kuwapaka rangi kwa mavazi yote mawili.

Kiswahili hakina neno lililotulia kwa chombo hiki. Mtego hushika, na ndege wa mti hashiki kitu. Ulimbo hunasa kwa utomvu. Chambo ndilo neno la karibu zaidi, ijapokuwa chambo cha mvuvi huliwa, au hudhaniwa kuwa kitaliwa, na ndege hawa hawakuvutwa na njaa bali na hamu ya kuwa pamoja na wenzao. Kinyago, kwa upande mwingine, ni kitu kilichochongwa, lakini ndani yake mna maana ya kutisha. Ndiyo maana husemwa kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mkulima asimamishaye sanamu shambani ili ndege wasile mtama wake anafanya kinyume kabisa cha mwindaji wa Massachusetts: mmoja anachonga kuwafukuza, mwingine anachonga kuwakaribisha. Kwa hiyo neno linalotumika hapa ni ndege-chambo. Linabaki swali la upatanisho. Ndege aliye hai ni huyu, na ndege ya kusafiria angani ni hii. Je, ndege wa mti ni yupi? Makala haya yanafuata upatanisho wa kiumbe hai, kwa sababu mchongaji alikusudia hivyo, na ndege waliopita juu walisadiki hivyo.

Neno la Kiingereza, decoy, lina historia ya namna hiyo hiyo ya kuhama. Wajuzi wengi hulitoa katika Kiholanzi, kwenye maneno yenye maana ya “tundu” au “kizimba”. Waholanzi walikuwa na mabwawa yenye mifereji iliyofunikwa nyavu, ambamo mabata walivutwa kidogo kidogo mpaka wakafika mahali pasipo na njia ya kutokea. Waingereza waliiga ufundi huo katika karne ya kumi na saba, na neno wakalichukua pamoja nao. Kwanza lilikuwa jina la mahali, yaani bwawa lenyewe. Kisha likawa jina la bata aliyefugwa ili awavute wenzake. Mwisho likawa jina la bata wa mti. Wawindaji wa Long Island, karibu na New York, walikuwa na neno lao jingine: waliwaita ndege-chambo “vigoda”. Maelezo ya kawaida ni kwamba zamani njiwa hai alifungwa juu ya kijiti mfano wa kigoda, kijiti kikavutwa juu na chini ili njiwa apige mabawa na wenzake wamwone. Katika Kiingereza cha leo “njiwa wa kigoda” ni mtu anayewasaliti wenzake kwa polisi, na wengi wanaolitamka neno hilo hawana habari ya njiwa wala kigoda.

Wazungu hawakuwa wa kwanza kutumia hila hii katika bara lile. Mwaka wa 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, walipatikana bata kumi na mmoja waliosukwa kwa matete na wenyeji wa kale, baadhi yao wakiwa wamevikwa manyoya na kupakwa rangi. Umri wao umekadiriwa kuwa yapata miaka 2,000. Hao ni ndege wa kuelea majini, na wametengenezwa kwa ufundi mwingine. Lakini fikira ni ile ile.

Ndege-chambo wa pwani alikuwa rahisi kumtengeneza kuliko bata, kwa kuwa hakuwa na haja ya kuelea. Bata wa mti ilimpasa kukaa wima juu ya maji, asipinduke katika upepo, na mara nyingi tumbo lake lilikomwa ndani ili awe mwepesi. Ndege wa pwani alisimama juu ya kijiti, basi. Mti ulikuwa wowote uliopatikana: msonobari mweupe, mwerezi, nguzo ya ua, kipande cha mlingoti wa jahazi lililovunjika. Fundi alikata umbo kwa msumeno mdogo au shoka, akachonga kwa kisu, akalainisha kwa msasa au kipande cha kioo. Mdomo ulikuwa taabu yake kubwa, maana mdomo wa sululu ni mrefu, mwembamba na umepinda, nao huvunjika mara tu ndege atupwapo katika gunia. Baadhi walitumia mti mgumu uliopenya kichwani mpaka kisogoni na kufungwa kwa kabari. Wengine walipigilia msumari. Na katika Massachusetts, ambako uvuvi wa nyangumi ulikuwa kazi ya nchi, walikuwako waliotumia ule utando mgumu wa kinywani mwa nyangumi, ambao hupinda bila kukatika. Ni mara chache kupatikana leo ndege-chambo mwenye mdomo wake wa asili, na mnunuzi mwenye busara hutazama mdomo kwanza.

Jicho lilikuwa doa la rangi, kichwa cha msumari mdogo, au ushanga wa kioo. Mafundi wa Seaford, Long Island, ambao Obediah Verity ndiye ajulikanaye zaidi, walikuwa na namna yao: walichonga jicho katika mti wenyewe, wakauchonga na mstari wa bawa, hata rangi ikichujuka jicho lisipotee. Hiyo ni mojawapo ya alama chache zinazowezesha kutambua kijiji alikotoka ndege kwa kumtazama tu. Wengine hawakutaka taabu hata kidogo: walikata ubao mwembamba kwa umbo la ndege, wakaupaka rangi pande zote mbili. Mwaka wa 1874, kampuni ya Strater na Sohier ya Boston ilipata hataza ya ndege wa bati walio wazi upande wa chini, wanaopachikana mmoja ndani ya mwingine kama vikombe, hata kundi zima likaingia katika sanduku dogo. Ndege hao wa bati waliuzwa sana, nao walifanya kazi vizuri.

Kwamba ubao bapa na bati vilifaa ni jambo la kufikiriwa. Ndege apitaye angani kwa kasi hasomi manyoya. Husoma umbo la mwili, rangi kwa jumla, na zaidi ya yote hali ya kusimama. Mchongaji mwenye akili alijua kwamba kundi lenye vichwa vyote vilivyoinuliwa ni kundi lililoingiwa na hofu, na ndege hai wakiliona hupita mbali. Basi walichongwa wanaokula, vichwa chini. Wanaokimbia, shingo mbele. Waliolala, mdomo mgongoni. Na mmoja au wawili tu wenye kutazama. Walisimamishwa wakielekea upepo, kwa kuwa ndege hai husimama hivyo ili manyoya yao yasipeperushwe, na kwa kuwa ndege ashukaye hushuka akikabili upepo. Mwindaji alikaa katika kificho cha majani, akapiga mbinja au filimbi ya bati kuiga mlio wao. Kwa maneno mengine, kundi la ndege-chambo lilikuwa na sarufi yake. Neno moja moja liliweza kuwa duni, hata ubao bapa, mradi sentensi nzima imepangwa sawa. Na ndege wa mti aliyechongwa kwa uzuri wote lakini akageuzwa mgongo kwa upepo aliharibu kazi ya kundi zima. Wakusanyaji wa leo, ambao humweka ndege mmoja peke yake chini ya taa, wana sentensi iliyobaki neno moja.

Majina waliyowapa ndege hai ni hazina nyingine. Kwa wawindaji wengi wa pwani ile ndege wote wa matope waliitwa kwa jina moja, ambalo kwa haki ni la aina moja tu ya ndege wa vinamasi. Lakini chini ya jina hilo la jumla palikuwa na mengine yasiyo katika vitabu. Yule apinduaye vijiwe, kwa marakaraka ya mgongo wake, waliitwa jamaa zake “mgongo wa kitambaa cha maua”. Yule wa kijivu mwenye kwapa jeusi, kwa ukubwa wa kichwa chake, aliitwa “kichwa cha nyundo ya mti”. Sululu mkubwa kuliko wote aliitwa “mdomo wa mundu”. Na yule sululu mdogo wa kaskazini, ambaye wataalamu humwita sululu wa Eskimo, watu wa Massachusetts walimwita “ndege wa kinyunga”: alipokuwa akipita huko katika majira ya kupukutika majani alikuwa amenenepa sana kwa kula matunda madogo ya Labrador, hata akianguka kutoka angani kifua kilipasuka, na mafuta yakaonekana mfano wa unga uliokandwa. Jina hilo lilitungwa na mtu aliyekwisha kumpiga ndege risasi, akainama, akamwokota.

Idadi ya waliookotwa ni vigumu kuisadiki. Tarehe 29 Agosti 1863, kundi kubwa la sululu hao na wenzao wa rangi ya dhahabu mgongoni lilishuka katika kisiwa cha Nantucket. Imeandikwa kwamba waliuawa kati ya 7,000 na 8,000, na mauaji yakakoma kwa sababu marisau na baruti zilikwisha kisiwani. Reli zilipofika pwani, soko la Boston na New York likawa karibu, na ndege wakasafirishwa kwa mapipa. Tabia yao wenyewe iliwaponza: mmoja akijeruhiwa na kulia, wenzake hawakukimbia bali walirudi na kuzunguka juu yake, wakapigwa nao. Hapana budi kusema pia kwamba bunduki haikuwa sababu pekee. Sululu wa Eskimo walirudi kaskazini katika majira ya kuchipua kwa njia ya bara, juu ya nyika za katikati ya Marekani, na nyika hizo zililimwa. Nzige wa milimani waliokuwa chakula chao huko nao wakatoweka kabisa. Lakini ndege-chambo hakuwahi kuwa chombo kisicho na hatia, na maandishi ya wapenzi wake hulipita jambo hilo upesi mno.

Sheria zilikuja kwa hatua. Ile ya mwaka wa 1900 ilizuia kusafirisha kutoka jimbo hata jimbo wanyama na ndege waliouawa kinyume cha sheria. Ya 1913 iliwaweka ndege wahamao chini ya serikali kuu. Mwaka wa 1916 Marekani ilifanya mapatano na Uingereza kwa niaba ya Kanada, na mwaka wa 1918 ikatungwa sheria ya kuyatekeleza. Jimbo la Missouri liliipinga, nalo likashindwa katika Mahakama Kuu mwaka wa 1920. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 uwindaji wa karibu ndege wote wa matope ulikuwa umefungwa. Aina nyingi zilipona. Sululu wa Eskimo hakupona: alipigwa picha Texas mwaka wa 1962, mwingine akauawa Barbados mwaka wa 1963, na tangu hapo hapana ushahidi wa hakika uliopatikana. Kuna ndege-chambo wachache sana waliochongwa kwa mfano wake. Huyo ni mfano ambao kilichofananishwa hakipo tena, na rangi iliyopakwa na mwindaji sasa hutazamwa na wataalamu wa ndege kama ushuhuda.

Mafundi walipokosa wanunuzi kati ya wawindaji, wengi waliacha. A. Elmer Crowell wa East Harwich, Cape Cod, aliyeishi tangu 1862 mpaka 1952, hakuacha. Alikuwa mwindaji wa soko, kisha mtunza vituo vya kuwindia vya matajiri, na hatimaye akawa mchongaji wa ndege wa mapambo, wa ukubwa wa asili na wadogo wa kukaa kiganjani. Yeye aliweka chapa ya moto yenye jina lake chini ya kazi zake, na kwa hiyo hakuna mashaka mengi juu yake. Mwaka wa 2007 kazi zake mbili, bata mmoja na bata bukini mmoja, ziliuzwa kila moja kwa zaidi ya dola milioni moja.

Crowell ni wa peke yake kwa jambo hili la chapa. Mchongaji wa kawaida hakutia sahihi, kwa maana gani atie? Aliyetia alama alikuwa mwenye mali. Magunia ya ndege-chambo yalichanganyika katika mashua na katika vyumba vya kulala wawindaji, hivyo kila mmoja alichoma herufi za jina lake, au jina la klabu yake, katika matumbo ya ndege wake, kama mfugaji atiavyo ng’ombe chapa. Nathan Cobb wa kisiwa cha Cobb, Virginia, aliyechonga herufi N chini ya ndege wake, alikuwa mchongaji na mwenye mali pamoja, lakini mahali pengine mambo hayo mawili hayakukutana. Msomaji wa baadaye aliyeona herufi tumboni mwa ndege alizichukua kuwa ni za fundi. Ndege aliyechongwa kumdanganya ndege akamdanganya mtu, pasipo kukusudiwa.

Wakusanyaji wa kwanza walifanya kazi kubwa ya kuuliza. Joel Barber, mchora ramani za majumba wa New York, alitoa kitabu chake mwaka wa 1934, na mkusanyo wake uko katika Makumbusho ya Shelburne, Vermont. William J. Mackey alitoa chake mwaka wa 1965. Walizunguka katika vijiji vya wavuvi, wakanunua, wakauliza ni nani aliyechonga, wakaandika jibu. Utafiti wa namna hiyo ni wa thamani, nao una udhaifu unaojulikana na kila aliyekusanya maneno au hadithi kijijini: mtu aulizwaye hutoa jina alijualo, na muulizaji huandika jina lifikalo kwanza.

Mfano mzito ni wa kundi moja la ndege-chambo wa Long Island ambao wengi huwahesabu kuwa ndio bora kuliko wote wa aina yao. Vifua vimejaa, mabawa na mapaja yamechongwa wazi, na kila mmoja ana hali ya kusimama iliyo yake. Mackey aliwaita kazi ya William Bowman, mtu aliyesemekana alikuwa akitoka jimbo la Maine kila majira ya joto ili kuwinda karibu na Lawrence, mwisho wa magharibi wa kisiwa. Mkusanyo wa Mackey ulipouzwa, mwaka wa 1973, sululu mmoja wa kundi hilo alipita dola 10,000, bei ambayo haijapata kusikiwa kabla ya hapo kwa ndege wa mti. Jina la Bowman likathibitika kwa bei. Baadaye, tangu mwanzo wa karne hii, watafiti wengine waliurudia ushahidi, wakasema kwamba ndege hawa hawakuchongwa na mgeni wa kutoka Maine bali na Charles Sumner Bunn, mwenyeji wa taifa la Shinnecock, ambao nchi yao iko Southampton upande wa mashariki wa kisiwa hicho hicho, na ambao wanaume wao walijulikana kama viongozi wa wawindaji matajiri waliotoka mjini.

Shauri hili halijakubaliwa na wote. Dalala mmoja huandika Bunn katika orodha yake, mwingine huandika Bowman, na ndege wa mkono mmoja huuzwa kwa majina mawili. Yafaa kuona ni nini kinachopimwa. Upande wa Bowman una ukale wa maandishi, na fedha za wale walionunua kwa jina hilo. Upande wa Bunn una mtu aliyeishi mahali penyewe, wa jamaa iliyojua ndege hao na matope hayo tangu kabla ya Wazungu kufika, na ambaye hakuulizwa wakati wa kuulizwa. Hoja za kwamba kazi nzuri hivi haingeweza kutoka kwa mwenyeji hazisemwi waziwazi siku hizi. Lakini urahisi ambao jina la mgeni lilipokewa kwa miaka arobaini bila kuchunguzwa ni jambo linalohitaji maelezo, na umri wa kosa hauwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi. Taifa la Shinnecock lenyewe halikutambuliwa na serikali kuu ya Marekani mpaka mwaka wa 2010. Makumbusho kadha wa kadha yana ndege hawa, na vibandiko vyao havisemi jambo moja. Wenye kutaka kulimaliza shauri hili huwapindua ndege na kuwatazama tumboni, wakakuta tundu la kijiti, na pengine herufi za mtu aliyewanunua.